Miaka ya Benchi

Kocha wa chuo kikubwa alikuja kwetu Lawrence Heights, hapa Toronto, Jumapili moja baada ya kanisa. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mume wangu akampenda papo hapo. Mimi sikumpenda wala kumchukia. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya uuguzi, nikapitia ibadani, nikaja kusimama jikoni kusukuma chapati. Nilichotaka ni mgeni aseme alilokuja kusema aende zake, nikalale.

Alikuja kwa ajili ya mwanangu, aliyekuwa akimaliza sekondari. Mtoto alicheza mpira wa huku, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, unaoshikwa kwa mikono, na nafasi yake ilikuwa kwotabeki. Kwa asiyejua, kwotabeki ndiye anayeanza na mpira. Akishaupata ana muda wa kupiga chafya tu: aurushe mbali, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie nao mwenyewe. Na wakati anaamua, majitu mazima yanamjia yamlaze chini. Nafasi nyingine watu huingia na kutoka. Hii ni ya mtu mmoja. Wengine wanaoitaka hukaa benchi wakingoja mwenye nafasi aumie, amalize chuo, au aharibu.

Kwa hiyo kocha hakutuficha. "Kwetu mwaka wa kwanza hatacheza," alisema. "Wa pili pia, pengine. Tunaye mkubwa wake. Atakaa nyuma yake ajifunze, halafu timu itakuwa yake."

Chuo kidogo cha hapa hapa Toronto kilikuwa kimeshatuahidi kinyume chake: njoo, na Septemba hiyo hiyo mpira ni wako.

Mgeni alipoondoka, mume wangu alibaki pale mezani akichezea kikombe. Yeye huendesha malori, na kule nyumbani alianza akiwa utingo. "Nilikaa kiti cha pembeni miaka na miaka," akasema, "nikifunga turubai na kumpikia dereva chai. Walikuwepo wenzangu waliopewa usukani mapema. Unajua waliishia wapi? Mteremko wa Salgaa, kule breki zinakofia. Asubiri. Chuo kikubwa ndicho wanachoangalia watu wa ligi ya kulipwa."

"Baba, mimi sijawahi kuona mtu akijifunza kudunga sindano kwa kumtazama mwenzake," nikamwambia. "Unaonyeshwa, halafu unapewa mkono wa mgonjwa. Ukikosa mshipa, unautafuta tena. Mtoto akicheza sasa, akikosea sasa, atakuwa amekosea akiwa bado mdogo. Hao wa ligi watamchukuaje mtu ambaye hawajamwona akicheza?"

"Watamwona akiwa ameiva."

"Au ameoza."

Mtoto alikuwa kwenye ngazi, anasikia yote. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza, kama walivyo wote waliokulia huku. "Mnaniuliza na mimi," akasema, "au nisubiri mkimaliza?"

Tukamuuliza. Akasema tumpe muda.

Jibu lilipatikana wiki mbili tatu baadaye, na aliyelitoa ni mtoto wa jirani. Jirani yangu ni mama wa Kikongo, mjane, ambaye tumekuwa tukiazimana naye sufuria tangu mwaka tuliohamia mtaa ule. Mwanawe alimzidi wangu mwaka mmoja. Walilelewa pamoja, wakajifunza kurusha pamoja kwenye nyasi za nyuma ya nyumba zetu, kabla hazijabomolewa kujengwa upya, na yeye ndiye aliyekuwa kwotabeki wa shule kabla ya wangu. Alikwenda chuo kidogo cha kaskazini, wakamkabidhi timu mwaka wa kwanza. Picha yake ikatoka gazetini. Mama yake akaikata, akaibandika kwenye friji, na mimi niliposema habari ya kuanza mapema, nilikuwa namfikiria kijana huyo.

Tulikwenda kumtazama wote, gari moja, mimi na mume wangu mbele, mama yake na mwanangu nyuma. Ilikuwa siku ya jua baridi. Mbele yake walisimama vijana wadogo kama yeye, wasiojua kumkinga, na kila akishika mpira alikuwa akianguka. Anainuka, anajipangusa, anaanguka tena. Mama yake alikuwa akisema "Yesu, Yesu" chini kwa chini. Kisha mpinzani mmoja akamfikia kutoka upande asiouona. Nilisikia mlio wa helmeti kutoka tulipokaa.

Alilala kidogo, akainuka. Watu wakapiga makofi. Akaanza kutembea kutoka uwanjani, polepole, mgongo wima kabisa.

"Dada," jirani yangu akanishika mkono, "mutoto yangu anaenda wapi? Benchi yao iko huku."

Alikuwa anaelekea kwa wapinzani. Alifika kabisa, akaketi katikati yao. Mchezaji wa timu ile nyingine ndiye aliyeinama, akamwambia kitu, akamshika kiwiko na kumrudisha kwa wenzake. Hakuna aliyecheka pale uwanjani. Mama yake alishuka ngazi mbio, na walinzi wakamzuia kwenye uzio.

Kijana tulimwacha hospitali ya huko na mama yake, tukaanza safari ya kurudi. Mwanangu alikaa nyuma peke yake. Tulipofika barabara kubwa akasema, kwa Kiingereza chake, "Nitaenda chuo kikubwa. Nitasubiri." Mume wangu hakujigamba. Mimi nami sikubisha. Ningebishaje baada ya kuona vile?

Hivyo akaenda kusubiri.

Sijui kama kuna anayeweza kueleweshwa uchovu wa kumtazama mtu asiyecheza. Mzazi wa mchezaji huchoka kwa hofu, lakini ana cha kutazama. Sisi tuliendesha saa mbili na zaidi, Jumamosi baada ya Jumamosi, tukanunua kahawa mbaya, tukakaa kwenye chuma baridi tukimtafuta mtoto wetu kwa kofia. Kwotabeki wa akiba havai helmeti. Huvaa kofia ya kawaida, anasimama kando ya kocha, na kazi yake ni kupunga mikono kumwonyesha anayecheza ni mpango upi wa mchezo kocha ameuchagua: anagusa bega, anagusa sikio, anazungusha mkono kama anayekoroga uji. Mume wangu alikuja msimu wa kwanza wote. Wa pili akaanza kuchukua safari za Jumamosi. "Nitakuja akicheza," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Kanisani walikuwa wakiniuliza, "Mchezaji wetu vipi? Bado hajaanza?" Walimaanisha mema. Nikajifunza kujibu "Bado, tuombe," na kupita haraka kwenda kuchukua koti. Jirani yangu peke yake hakuuliza. Mwanawe alikuwa amepona na kurudi uwanjani, akaumia bega, akarudi, akaumia tena, na kila Jumatatu mama yake alinipigia simu akiwa kazini kunieleza alipigwa namna gani. Kila mmoja wetu, nadhani, alikuwa akimwonea mwenzake wivu na asitamani kubadilishana naye.

Mwanangu hakulalamika. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alikuja nyumbani Krismasi, akala, akalala, akafungua kompyuta na kutazama mechi za timu zile atakazokutana nazo mwaka ujao, kana kwamba alikuwa na uhakika atakutana nazo. Nikamuuliza mara moja, "Unaona nini humo?"

"Huyu beki," akanionyesha kidole, "kabla hajaja mbele, anachezesha mguu wa kushoto. Kila mara. Mkubwa wangu hakuwa ameona."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Jumamosi ile alirusha juu ya kichwa chake, wakafunga."

"Wakakushukuru?"

Akacheka, akafunga kompyuta. "Mama, naomba chai."

Mkubwa wake alipaswa kumaliza mwanangu akiwa mwaka wa pili. Hakumaliza. Akaongeza mwaka, maana sheria za huku zinaruhusu. Kocha akasema, mwakani bila shaka. Mwakani ukafika, mkubwa akaondoka, na nikamwambia mume wangu asichukue safari yoyote mwezi wa tisa.

Mwishoni mwa Agosti mwanangu akapiga simu. Nilikuwa namlisha bibi mmoja pale kazini, nikaweka simu begani.

"Mama, amempa mwingine."

"Amempa nani nini?"

"Timu. Kuna kijana mpya, ametoka sekondari sasa hivi. Ana mkono mzuri sana. Kocha anasema akianza mapema atakuwa tayari kwa ligi kubwa, na hataki kumpoteza aende chuo kingine."

Nikashusha kijiko. Bibi akanitazama akiwa amefungua mdomo.

"Na wewe je? Wewe aliyekwambia ungoje?"

"Anasema mimi najua mipango yote ya timu. Anataka nimfundishe."

Ningependa kusema nilimpigia kocha yule nikamwambia maneno ya mtu mzima. Sikumpigia. Nilimlisha bibi akamaliza, nikamfuta mdomo, nikaenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko cha choo mpaka mwenzangu alipogonga. Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa anakula. Akasukuma sahani mbele, akasema, "Kule kwetu, mtu akifanya hivyo, utingo anateremka na kuacha lori hapo hapo barabarani."

"Mwambie basi."

Akampigia. Akamwambia ateremke. Mtoto akajibu kwamba amebakiza mwaka mmoja apate shahada, kwamba akihama atapoteza masomo, na kwamba kijana mpya hana kosa. Mume wangu akakata simu, akakaa na mikono magotini. "Huyu mtoto," akasema, "sijui alirithi kwa nani moyo huu. Wangu si hivyo."

Mwanangu akamfundisha kweli yule kijana. Tulikwenda mechi ya kwanza tukaona kwa macho yetu: kijana mwenyewe mwembamba, ndevu hazijaota, anatoka uwanjani na kwenda moja kwa moja kwa mwanangu, si kwa kocha, na mwanangu anamwonyesha kwa viganja vyake wapi mtu alikuwa wazi. Mume wangu akasema anakwenda kununua kahawa, akarudi mechi ilipokuwa inaisha.

Katikati ya msimu goti la yule kijana likageuka. Hakuna aliyemgusa, alikanyaga vibaya tu kwenye majani yaliyolowa. Nilisimama na watu wote, nikiwa nimeziba mdomo, na namshukuru Mungu kwamba nilimhurumia kwanza kabla sijaona mwanangu anavua kofia na kutafuta helmeti. Aliipata chini ya benchi. Ilimchukua muda kuifunga kidevuni.

Alicheza mechi zilizobaki, zote. Sitadanganya kwamba alikuwa maajabu. Mrusho wake haukuwa na nguvu ya yule mdogo. Lakini hakuanguka ovyo, hakupeleka mpira mahali pasipo na mtu, na alionekana kama mtu anayetembea ndani ya nyumba anayoifahamu taa zikiwa zimezimwa. Mechi ya mwisho ilikuwa ya theluji. Mistari ya uwanja haikuonekana, wafanyakazi wakawa wanaifagia kwa mafagio kila mchezo uliposimama. Walikuwa nyuma, na yeye akawaleta, vipande vifupi vifupi, hapa kidogo hapa kidogo, mpaka wakafunga na kushinda. Mume wangu alikuwepo. Hakupiga kelele. Alikunja ngumi akaigonga kwenye paja lake, akaigonga tena, na ndevu zake zilikuwa zimeganda barafu.

Basi likaja lile swali la ligi ya kulipwa. Majira ya kuchipua waliitwa vijana kuja kupimwa katika jumba la uwanja wa ndani, nje kidogo ya mji, na kwenye orodha walikuwemo wote wawili, wangu na wa jirani, ambaye bega lilikuwa limemchelewesha mwaka mmoja. Sisi akina mama tuliwapeleka. Wazazi hatukuruhusiwa kuingia, tukakaa garini tunakula mandazi ya jirani yangu, yale ya Kikongo makubwa yenye nazi kidogo.

Wakatoka wanatembea bega kwa bega. Wa jirani ndiye aliyesema kwanza, kwa Kiswahili, labda ili mama yake asikie vizuri. "Wameniambia wameniona mingi. Michezo yote iko kwa video. Na bega wamelipiga picha. Wakasema asante."

Mama yake akamfungulia mlango wa gari. Hakulia mbele yake.

"Na wewe?" nikamuuliza wangu.

"Mmoja ameniambia hawajaniona vya kutosha. Kwamba ningekuwa nimecheza misimu miwili, wangejua mimi ni nani." Akavaa mkanda. "Hawezi kumchagua mtu wa mechi sita, akasema."

Nikaondoa gari. Mmoja ameonekana mno, mwingine hakuonekana. Nilipotazama kwenye kioo niliwaona wanagawana andazi la mwisho.

Lakini majuma kadhaa baadaye timu moja ikampigia wangu. Haikuwa na haja ya kwotabeki wa kucheza. Nafasi hiyo huku hupewa sana vijana wa Kimarekani, na wa kwetu huachiwa makombo. Mkufunzi wao alikuwa ameuliza habari kwenye chuo, akaambiwa habari za yule aliyefundisha mtoto aliyempokonya nafasi. Walitaka kwotabeki wa tatu, wa benchi. Mtu wa kujua kila mpango wa mchezo, kuiga mpinzani kwenye mazoezi, kukaa bila kununa, na kuwa tayari. "Hao wengine wote walianza wakiwa na miaka kumi na minane," yule mkufunzi alimwambia, "na hakuna hata mmoja anayejua kukaa."

Basi akaingia ligi ya kulipwa. Mume wangu akanunua mbuzi mzima kule Richmond Hill kwa rafiki yake, tukaalika kanisa. Mchungaji akaomba. Watu wakasema uvumilivu umelipa, na mume wangu akasema amina kwa sauti kubwa, lakini baadaye tulipokuwa tunaosha sufuria akaniuliza polepole, "Mama, amefika au hajafika?"

"Sijui, Baba. Nimechoka. Nipe ile sponji."

Alivaa sare, akasimama kando ya uwanja mwingine, mkubwa zaidi, wenye taa kali, akiwa na kofia. Akagusa bega, akagusa sikio, akakoroga uji. Tuliweza kumwona kwenye televisheni kwa nukta moja, kamera ikipita. Hakuingia hata mara moja. Msimu wa kwanza ukapita, wa pili ukakaribia, na kambi ya mazoezi ilipofunguliwa wakamtaka tena.

Akaja nyumbani siku ya Jumanne, mchana, bila kutangulia kupiga simu. Nilikuwa nakunja nguo. Akakaa kitandani pangu, kitu asichokifanya tangu akiwa mdogo, akachukua soksi akaanza kutafuta pea zake.

"Nimewaambia sirudi," akasema. Na akalisema kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjika. "Mama, nimechoka kuwa tayari."

Sikumuuliza juu ya pesa, wala ndoto, wala watu wa kanisani. Nilimwambia kuna wali na maharagwe, na kwamba baba yake atafika jioni. Akauliza kama baba atakasirika. Nikamwambia baba yake amechoka kuliko sisi sote, sema hasemi.

Mume wangu alipofika akasikia habari, alisimama mlangoni na funguo mkononi. "Wamekufukuza?"

"Hapana. Nimeteremka mwenyewe."

Akafikiri. "Ukiwa unaweza kuendesha?"

"Naam, Baba. Ningeweza."

"Haya," akasema. Akaenda kunawa mikono.

Nimeulizwa mara nyingi na wazazi wenye watoto wa namna hii, mama wenzangu wa kanisani, na hata baba mmoja wa Kiismailia ambaye mwanawe anafikiria vyuo viwili vya namna ile ile. Aanze mapema au akae? Naona wanataka nimwambie mtu kwamba upande wake ndio sahihi. Mimi nilisema aanze, mume wangu akasema asubiri, na sote wawili tulikuwa na sababu nzuri. Niliona aliyeanza akibomolewa, niliona aliyesubiri akirukwa, nikaona na huyo wa tatu mwenye mkono mzuri, aliyepewa kila kitu mapema, akirudi na goti lililoshonwa, na sasa yuko benchi nyuma ya mwingine. Nawaambia wachague chuo kilicho karibu na barabara kubwa, wasiendeshe wakiwa wametoka zamu, na wabebe blanketi. Wanacheka, wanadhani natania.

Sasa mwanangu anajifunza ufundi wa umeme, kwenye majengo mapya. Wa jirani anafundisha michezo shule ya msingi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi mwaka huu nilikuwa sina zamu, mume wangu hana safari, na hakuna mtu wa kumtazama popote. Tulilala mpaka jua likapanda. Mchana kijana alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, televisheni inazungumza yenyewe, yeye amesinzia mdomo wazi, na jirani yangu akapiga simu kuuliza kama mwanangu anaweza kwenda kumsaidia kusogeza kabati, maana mwanawe bega halimruhusu kubeba.

Nikamtikisa mguu. Akafumbua macho, akasikiliza, akakaa kidogo akikuna shingo. Kisha akavaa viatu, akatoka.